Dakika Ishirini za Wendell Kropp

Wendell Kropp alifundisha useremala miaka thelathini na mmoja. Siku shule ilipoamua kwamba watoto hawahitaji tena kujua kushika patasi, alikwenda na lori akaiokoa mashine ya kerezo, ile ya chuma kizito, akaisimika katika gereji yake. Hapo ndipo alipotaka kuzeekea. Anafunga kipande cha gogo, kinazunguka, anaegesha patasi, maranda yanaruka kama manyoya ya kuku. Mashine ikisimama, una bakuli, au mguu wa kiti. Hauzi, anagawa.

Kosa lake ni moja tu: alinunua nyumba katika mtaa wa Fernbrook.

Mtaa wetu una nyumba mia moja na kumi na mbili, zote rangi ya uji, na kitabu cha sheria kinene kuliko Biblia ya kanisani. Kinasema nyasi zifike wapi na pazia la mbele liwe la rangi gani. Hata nguzo ya sanduku la barua lililo mbele ya kila nyumba ina ukurasa wake: iwe ya mbao, nyeupe, iliyokerezwa, yenye shingo mbili na kichwa kama kitunguu. Mlinzi wa kitabu hicho ni Marlys Dettweiler, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwanamke ambaye hajatengeneza kitu maishani mwake ila malalamiko.

Marlys ndiye aliyeichimbua ile sheria kwamba mlango wa gereji usikae wazi zaidi ya dakika ishirini. Sasa Wendell akifunga mlango, vumbi la mbao linamjaa kifuani, anakohoa kama trekta asubuhi ya baridi kali ya Januari. Akifungua, Marlys yuko ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha kukunja, macho kwenye saa.

Wendell ni mtu wa sheria mpaka kwenye unyayo. Alichukua saa ya jikoni ya mkewe, ile ya kuchemshia mayai. Dakika ishirini, ngriii, anafunga. Anahesabu hadi kumi, anafungua tena. Kutwa nzima.

"Unanifanyia mzaha, Wendell?" Marlys alimwuliza.

"Hapana, mama. Nafuata kitabu."

"Kitabu hakisemi ufungue na kufunga kama mdomo wa samaki!"

"Wala hakisemi nisifanye."

Ardith, mkewe Wendell, akatoa kichwa dirishani. "Marlys, mpenzi, kesho ukija kukaa hapo vaa kofia. Jua kali la Julai halijui mwenyekiti ni nani."

Maneno hayo yalimchoma Marlys kuliko jua lenyewe.

Mkutano wa mwaka ulifanyika Agosti, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na kila mtu alikuja na bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja, kama kawaida yetu. Marlys aliwaacha watu washibe kwanza. Kisha akasoma sheria mpya: mashine isiyoweza kubebwa na watu wawili isikae kwenye gereji, na iliyopo iondoke kabla ya Septemba mosi.

"Na gari je?" Ardith akauliza.

"Gari si mashine."

"Kamwambie fundi wako hivyo, uone atakavyocheka."

Watu wakacheka kidogo, wakatazama sahani zao. Halafu wakanyoosha mikono kuipitisha. Galen Overby, makamu mwenyekiti, ambaye ngazi ya nyumbani kwake inasimama kwa vishikio alivyokerezewa na Wendell bure, alinyoosha mkono. Mama mmoja mwenye mabakuli matatu ya Wendell mezani kwake alinyoosha, huku kwa mkono wa pili anajipakulia. Watu wetu hawa wanajisifu kwa upole. Hawatakuambia neno baya usoni hata uwapige. Watasifu chakula chako, watauliza hali ya goti lako, na watakufukuza kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika uma.

Mikono minane tu ilibaki chini. Wendell aliosha bakuli lao, akamshika Ardith mkono, wakaenda nyumbani.

Mashine ile hakuna aliyeitaka. Mwenye vyuma chakavu alisema atakuja kuichukua Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Wendell akawa anaipaka mafuta kila siku. Unapakaje mafuta kitu kinachokwenda kuyeyushwa? Nilimwuliza. Akasema, "Isiende na kutu."

Siku kumi kabla ya Jumamosi hiyo, Lyle, mume wa Marlys, alirudisha pikapu nyuma huku akinywa kahawa, akaivunja vipande vitatu nguzo ya sanduku lao la barua. Kitabu kinatoa siku kumi na nne za kurekebisha. Na kinasema pia kwamba mwenye kosa lisilorekebishwa hakai kwenye kamati. Sheria hiyo aliitunga Marlys mwenyewe, ili kumng'oa mwenyekiti aliyemtangulia.

Marlys alinunua nguzo dukani, ya pembe nne, akaipaka rangi nyeupe. Kesho yake ikaja barua ya kamati, sahihi ya Galen Overby, ambaye amekitamani kiti kile miaka sita: nguzo haijakerezwa. Kiwanda kilichotengeneza zile za kwanza kilikwisha kufungwa zamani.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mwenye vyuma kuja, Marlys aligonga mlango wa akina Kropp na sahani ya vitumbua vya limau.

"Nimewaletea kitu kidogo," alisema.

"Umekosea nyumba," Ardith akamjibu. "Hapa wanakaa wahalifu."

"Ardith, tafadhali. Wendell yupo?"

Wendell alitoka akijifuta mikono. Akamsikiliza Marlys akiomba akerezewe nguzo, mpaka mwisho.

"Nguzo ni kazi ya siku mbili," alisema. "Mlango wazi."

"Nitakufumbia macho."

"Sitaki ufumbe macho, mama. Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba mashine inabaki kwa ajili ya nguzo za mtaa, na mlango unakaa wazi kazi ikiwapo."

"Za mtaa? Mimi nataka moja!"

"Nimezipitia zote. Zina umri mmoja, na zimeanza kuoza miguu. Ya Galen ukiisukuma kwa kidole inacheza."

Marlys akaomba kalamu. Jioni hiyohiyo akampelekea Galen karatasi. Na Galen, alipokwisha kuisukuma nguzo yake kwa kidole, akatia sahihi bila kukohoa. Kanuni zao zinaishia pale mbao zao zinapoanza kuoza.

Mwenye vyuma alirudishwa. Wendell alimkerezea Marlys nguzo iliyonyooka kabisa, shingo mbili, kichwa cha kitunguu, ukiitazama huoni dosari. Mimi ningeipinda, angalau kidogo.

Karatasi wameibandika kwenye ukuta wa gereji. Wiki iliyofuata mama wa mabakuli matatu alikuja na kiti kilichovunjika mguu.

"Acha hapo," Wendell akamwambia. "Una nguzo mia moja na kumi na moja mbele yako."

Saa ya mayai imerudi jikoni.