Ngoja Nje

Kiswahili hakikuingia nyumbani kwetu. Baba alikiacha barazani pamoja na ile sauti yake ya kuita watu. Alikuwa karani wa baraza la mashauri huko Mtinko enzi za Waingereza, na kazi yake, ukiacha kuandika, ilikuwa kumwambia kila aliyefika na shauri: "Ngoja nje, utaitwa." Wazee wenye mazizi ya ng'ombe walingoja nje. Jioni akishavuka ua wetu, basi, ni Kinyaturu tu. Sisi tuliosoma misheni tukijisahau na kuanza Kiswahili chetu cha shule, alitukemea: "Hapa kuna shauri gani?"

Mama hakukijua. Alijua salamu na bei ya chumvi, na hakutaka zaidi. Jirani yetu mmoja alipomfukuza mkewe, alisimama mlangoni akamtolea maneno kwa Kiswahili kitupu, ili yawe na uzito wa serikali. Yule mwanamke hakuelewa hata neno moja, ila alielewa kwamba ameachwa. Tangu hapo wanawake wa kwetu walisema mume akikusemesha Kiswahili ndani ya nyumba, funga mzigo.

Baba alianguka zizini asubuhi, msimu wa kuvuna mtama. Tulimkuta kwenye samadi, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kabisa. Siku kadhaa hakusema lolote. Mama hakubanduka pale kitandani. Alimlisha uji, akamsemesha habari za mbuzi, za mvua, za chochote kile. Hata ikawa siku moja baba akafumbua macho, akamtazama mama vizuri, akasema kwa Kiswahili safi:

"Ngoja nje."

Mama akageuka nyuma kuona anaambiwa nani. Hakukuwa na mtu.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema ungoje nje."

Ningesemaje? Ndivyo alivyosema. Mama aliweka bakuli la uji chini, akatoka, akakaa juani, na hakuna aliyemwita.

Siku zilizofuata ndipo tulipouona msiba wenyewe. Kiswahili cha baba kilirudi vipande vipande, kibovu, lakini kilirudi. Kinyaturu, lugha aliyoinyonya, lugha aliyomposea mama, hakikurudi. Ukimsemesha alikukodolea macho kama mgeni aliyeshushwa na lori usiku. Na Kiswahili nacho kilipomwishia, ile "ngoja nje" ilitoka yenyewe. Akitaka maji, ngoja nje. Akiumwa mgongo, ngoja nje. Alikuwa akiisema halafu anakunja uso, maana aliisikia kwamba siyo, anajaribu tena, inatoka ileile. Alilia. Mimi sikuwahi kumwona baba akilia, na sikujua nisimame wapi.

Kusoma nako kulimtoka. Nilimpa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko ule aliokuwa akijivunia. Aliishika sawasawa, haikuwa juu chini, akapitisha kidole mstari wa kwanza, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Kisha akanirudishia.

"Ya nani hii?" akauliza.

Tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Daktari wa pale, Mzungu aliyejifunza lugha yetu, akamsalimu kwa Kinyaturu, na baba akanigeukia mimi nimtafsirie. Makubwa hayo! Daktari alieleza kwamba damu imeganda ikaziba upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko maneno yanakotengenezwa na mkono wa kulia unakoongozwa, ndiyo maana umekufa. Nikamwuliza inakuwaje lugha ya nyumbani iondoke na ya serikali ibaki. Akasema huenda ni kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoisoma na kuiandika kila siku. Huenda pia siyo hivyo. Na je, itarudi?

"Sijui," akasema.

Nilichukia. Njia yote ile na machela mabegani, kwenda kuambiwa sijui!

Tukarudi, nikawa mkalimani kati ya baba na mama. Jamani, hiyo kazi asipewe mtoto yeyote. Mama atasema, "Mwulize kama uji una moto," nitauliza, baba atahangaika na mdomo wake, mwishowe, "Ngoja nje."

"Anasema ahsante," nitasema.

"Usinidanganye. Neno hilo nimeshalijua."

Nilimweleza alichosema daktari, damu na ubongo na upande wa kushoto. Alinisikiliza hadi mwisho. Alitaka kujua jambo moja tu: kama mumewe bado anamjua yeye ni nani, na kama bado anamtaka humo ndani. Hilo daktari hakuligusa.

Kisha ikaja ile siku ya kupura. Wanawake walikuwa uani wanapura mtama, wanaimba ule wimbo wa siku zote. Mara tukasikia sauti ya kiume kutoka ndani inaitikia. Baba! Kwa Kinyaturu, maneno yote, hakuna lililopinda. Nilikimbia ndani kwa furaha, nikamwambia kwa Kinyaturu, "Baba, umepona!" Akanitazama, hakuelewa hata kidogo. Nje wimbo ukiendelea naye anaendelea. Wimbo ukikoma, Kinyaturu kimekwisha.

Mama alisimama mlangoni na fimbo yake ya kupuria.

"Kumbe anacho," akasema. "Cha kuimbia anacho. Cha kunisemesha mimi ndicho hana."

"Mama, siyo hivyo."

"Ni vipi, basi? Nieleze."

Nikaeleza tena upande wa kushoto. Nilijisikia nikieleza upuuzi. Toka hapo mama alikuwa akimwekea baba chakula na kutoka mara moja, na baba akimfuata kwa macho hadi mlangoni. Niliwahurumia wote wawili hadi nikawakasirikia.

Mtama ulikuwa umeshaingia ghalani siku nilipomkuta mama anamnyoa baba ndevu. Alikuwa anaimba taratibu, wimbo walioimbiwa siku alipoletwa kwa baba, ule ambao kila ubeti unaishia kwa jina la bibi harusi. Baba alikuwa anaufuata kwa sauti ya chini. Walipofika mwisho wa ubeti, mama akanyamaza, wembe hewani, hakulitaja jina.

Baba akalitaja. Jina la mama la usichana, ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia kinywani mwake, alilitamka bila kukwama.

Mama akashusha wembe. "Umeniita?" akamwuliza kwa Kinyaturu.

Baba alimtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo uliobaki, akatafuta neno, akatafuta.

"Ngoja nje," akasema.

Mama alifuta wembe, akatoka. Nikamfuata uani.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Hebu nieleze. Ameniita, au ameimba tu?"

Nikamwambia sijui, mama. Akakaa chini pale pale ukutani, karibu na mlango, akangoja.