Mkono Ulioitikia Kila Kitu

Wifi yangu ni mshona magodoro. Nasema ni, sisemi alikuwa, kwa sababu hata sasa macho yameingia ukungu bado anaipata sindano yake ndefu kwa kupapasa. Kazi anaifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Marobota ya pamba yamefika darini, na ukiingia na nguo nyeusi utatoka kama umemwagiwa unga. Wapo washonaji wanaotia pamba juu na chini, katikati wakasindilia matambara, wakashona mdomo, biashara ikaisha. Yeye mnunuzi akifika humwambia, "Tia mkono mpaka kwapani, mwenyewe, kabla sijafunga." Kwa tabia hiyo amepata sifa, na njaa ameipata pia.

Aliolewa na mdogo wangu, fundi baiskeli. Huyo mtaa mzima ulimwita Kesho. Ukimpelekea baiskeli leo, kesho. Ukirudi kesho yake, kesho. Lakini ikitoka mikononi mwake imetoka, huisikii ikilia tena. Na watoto wa shule hakuwatoza hata senti kwa kuziba pancha. Sisemi hivi kwa kuwa tumelala tumbo moja. Waulizeni waliozibiwa, wengine sasa ni baba za watu.

Kanisa letu ni lile la bati jekundu, na mawe ya msingi wake niliyasomba mimi na wenzangu, kichwani, nikiwa na mimba kubwa. Basi ninalosema juu ya imani yetu sikusimuliwa na mtu. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini imani yetu haihitaji zaidi ya hapo. Binadamu ni mwenye dhambi, awe mwizi awe mwalimu. Hawezi kujiokoa kwa wema wake, hata azibe pancha za dunia nzima. Mwana wa Mungu alikufa kwa ajili yake, akafufuka, na atarudi. Anayeamini kwa moyo na kukiri kwa kinywa ameokoka, bure, kwa neema. Ndipo anazamishwa majini. Mtoto mchanga kwetu habatizwi, kwa kuwa hajajisemea mwenyewe. Anaombewa, anarudishwa mgongoni kwa mama yake, tunangoja akue aseme.

Wifi alisema akiwa bado mke mpya. Ulikuwa mkutano wa hema, akaenda mbele nywele zimejaa pamba, akalia mpaka kamasi. Mumewe alikuwa mlangoni ameshika baiskeli. Alipotoka akamwuliza, "Na wewe je?"

"Kesho," mume akasema, akapigapiga kiti cha nyuma apande.

Miaka ikaenda kwa mtindo huo huo. Kila Jumapili anamleta mkewe, kisha anakaa nje, kivulini mwa ukuta, pampu mkononi, anajaza upepo baiskeli za waumini. Mchungaji wetu, mtu wa utani, akamwambia siku moja, "Fundi, unajaza matairi ya watakatifu, na lako je?"

"Langu bado gumu, Mchungaji. Likilegea nitakuita."

Watu wakacheka. Wifi hakucheka. Kila alfajiri, kabla hajashika sindano, alipiga magoti kati ya marobota akataja jina la mumewe, si Kesho, na la ubatizo hakuwa nalo, bali lile tulilompa nyumbani. Alilitaja kwanza, ndipo wanawe, ndipo sisi wengine.

Kisha kiharusi kikampiga mdogo wangu, spana mkononi. Upande wa kulia ukafa na ulimi ukafa nao. Mtu aliyekuwa na maneno kuliko redio akabaki na neno moja, "ba". Njaa, ba. Maumivu, ba. Akalazwa chumba cha ndani, juu ya godoro ambalo mkewe alimshonea siku ileile, pamba tupu.

Siku ya tano wakaja watu wa kanisa: mchungaji, mkewe, na mzee wa kanisa mwenye sauti ya kutikisa mabati. Mzee akamshika mdogo wangu mkono wa kushoto, ule mzima. "Ndugu, kama unampokea Yesu awe Bwana na mwokozi wako, niminye mkono."

Akaminya. Mzee akaruka. "Ameminya! Haleluya! Ameminya kwa nguvu!" Mama mchungaji akaanza kulia, mimi nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba Kesho imefika leo, watu wakasimama wakapiga makofi. Wifi akaambiwa ajiandae, Jumapili inayofuata atatoa ushuhuda.

Katikati ya juma nilikwenda kumsaidia. Nilikuwa nakunja mashuka, yeye anamlisha mumewe uji, mkono wake mmoja ndani ya ule mzima wa mgonjwa.

"Utaongeza?" Akaminya. Kijiko kikaenda, mgonjwa akageuza uso, uji ukatiririka shingoni. "Kumbe umeshiba?" Akaminya.

Wifi akaweka bakuli chini. Nilimwona rangi inambadilika.

"Baba watoto, nisikilize. Unampokea Yesu?" Akaminya.

"Unamkataa?" Akaminya, vilevile, kwa nguvu ileile.

"Wifi," akaniita, "umeona?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa nakunja."

"Umeona."

"Huo mkono wa mgonjwa, wifi. Unauliza mara mbili mbili kama hakimu, amechoka."

"Mtoto mchanga ukimtia kidole mkononi anafanyaje?"

Nikachukua shuka jingine.

"Anabana," akasema. "Kidole, kijiti, mkia wa paka, anabana. Ndiyo maana hatumbatizi."

"Sasa ni nani anayeumia? Kanisa limefurahi, watoto wamefurahi, mimi ndugu yangu ameandikwa mbinguni. Wewe unataka kumfuta?"

"Mimi siwezi kumwandika wala kumfuta. Lakini jana mama mchungaji alikuja hapa, akaimba, akashukuru, akaondoka. Hakumwombea. Hakumwambia neno. Hakuna anayemwombea tena, wifi. Wameshona mdomo, na ndani hakuna aliyetia mkono."

"Basi mwombee wewe kimyakimya."

"Nimemwombea peke yangu miaka yote hii. Nimechoka peke yangu. Nataka kanisa."

"Hata yule mwizi msalabani alikubaliwa dakika za mwisho."

"Yule alikuwa na ulimi," akasema, akaanza kumfuta shingo.

Jumapili ile nilikaa mstari wa mbele nikamkazia macho, nikitumaini ataogopa. Sisi ndugu wa mume tuna macho yetu. Akasimama, gauni lake la bluu, uzi mweupe begani.

"Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Mume wangu nilimwuliza kama anampokea Yesu, akaniminya mkono. Nikamwuliza kama anamkataa, akaniminya pia. Sijui kilichomo moyoni mwake. Naomba tusishukuru bado. Naomba tumwombee."

Mzee wa kanisa akainuka. "Dada, usilete mashaka ndani ya nyumba ya Bwana."

"Sileti mashaka, mzee. Naleta mgonjwa."

Mchungaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akasema tuiname tuombe. Tuliomba, lakini ilikuwa sala ya watu waliokanyagwa vidole. Nje wakaanza. Mmoja akasema, "Mwanamke gani anamfungia mumewe mlango wa mbinguni kwa kinywa chake mwenyewe?" Mwingine akampa jina, Mama Hakika. Mama mchungaji hakukanyaga tena pale nyumbani. Na mimi, sifichi, nilikaa wiki mbili bila kumsalimia. Nilikuwa na haki yangu. Aliyekuwa anazungumzwa ni damu yangu.

Mchungaji alikuja, peke yake, na miguu ya suruali imejaa vumbi. Hakumshika mdogo wangu mkono. Akavuta kigoda, akamsimulia habari yote tangu mwanzo, taratibu, kama anamsimulia mtu mwenye masikio na akili zake: dhambi, msalaba, kaburi tupu, neema. Mwisho akasema, "Fundi, leo sikuulizi kitu. Mjibu Bwana mwenyewe." Akawa anarudi hivyo, hata mvua ikinyesha. Jicho la mgonjwa lilikuwa likitoa machozi, lakini tangu augue jicho lile lilikuwa likitoa machozi lenyewe tu, hata akinywa uji. Wifi hakulihesabu. Mimi nililihesabu, na mpaka leo nalihesabu.

Alikufa mchana, mkewe akimgeuza ubavu. Akasema "ba", akatulia.

Kwetu mtu aliyeokoka huzikwa kwa nyimbo za kufika nyumbani. Asiyeokoka, mchungaji huwahubiria waliobaki. Mwimbishaji akamjia wifi pale kwenye mkeka, akamnong'oneza, "Mama, tuimbe zipi?"

"Unaniuliza mimi? Kamwulize aliyemchukua."

Mwimbishaji akabaki ameshika kitabu chake. Ikabidi mchungaji mwenyewe aanzishe wimbo wa neema, unaoimbwa hata na wasiojua wanakokwenda. Tukaufuata.

Sasa mimi ni mjane na yeye mjane, tunalala nyumba moja, chumba cha ndani, juu ya godoro lile lile alilofia mdogo wangu; kalifumua, akaichambua pamba, akalishona upya. Kama alifanya vizuri siku ile kanisani sijui, na nikiamka na hasira bado namwambia angenyamaza. Yeye hunijibu, "Labda, wifi," akaendelea kutunga uzi.

Linalonishinda ni alfajiri. Kwetu hatuwaombei waliokufa. Mtu akishakwenda shauri lake liko kwa Mungu. Wifi anaijua sheria hiyo na haivunji. Anapiga magoti mahali pake pa zamani kati ya marobota, nami kando yake, magoti yangu yakilalamika. Anasema, "Baba, asante kwa asubuhi." Halafu, pale lilipokuwa likikaa lile jina la kwanza, la mumewe, ananyamaza. Kinywa kimefunguka, jina haliji. Tunakaa hapo sote wawili, nasikia pumzi yake. Kisha anavuka, anaanza kutaja watoto.