Siku Mlalaji Alipoamka Pangoni

Wifi yangu Ġiża anashona mapazia, na kwa ubahili hana mpinzani mji wetu mzima wa Siġġiewi, huku Malta. Namwambia hivyo usoni, kwa hiyo simsengenyi. Mumewe, Wenzu, ni kaka yangu, fundi umeme wa meli aliyestaafu. Kila Desemba walifungua mlango watu waingie kuona pango lao la Noeli, lenye sanamu za usiku wa kuzaliwa Yesu zilizopangwa mezani, naye Wenzu alijikunja chini ya meza akavuta nyuzi kwa mikono miwili: mwokaji anakanda, mpiga zumari anatikisa kichwa. Na huko huko chini anafoka, "Nani huyo anapiga meza teke? Toka!"

Aprili kiharusi kikauchukua mkono wake wa kushoto. Lakini kilichomtisha Ġiża hasa ni upole. Mtu aliyekuwa akigombana hata na redio sasa anakaa dirishani, ukimpa chai anashukuru, ukimnyang'anya kikombe anashukuru.

"Dolor," Ġiża akaniambia jikoni, analia waziwazi, "huyu simjui. Namtaka yule mkorofi wangu."

Vuli ilipoingia Wenzu akatangaza, kwa upole huo huo, kwamba mwaka huu mlango haufunguliwi. Ġiża akasema thubutu! Sanamu zitacheza kwa umeme. Labda akiziona zinacheza atasogea mezani, maana tangu augue hajaikaribia.

Basi tukaanza kujifunza uzeeni. Kila sanamu inataka kimota chake, na kimota kinajua kigeuke kiasi gani kwa vipigo vya haraka vya umeme. Kompyuta ndogo ya kuviamrisha haina matundu ya kutosha. Ndipo unahitaji bodi ya kuongezea, mafundi wanaiita ya PWM, na moja inahudumia mota kumi na sita. Pango letu lilitaka mbili.

Dukani, mji wa Ħamrun, muuzaji, mama mmoja mwenye miwani shingoni, akatuwekea aina mbili mezani. "Hizi za ghali zina vijiswichi, unaipa kila bodi namba yake. Hizi za rahisi zinakuja zote na namba moja. Ya pili lazima uilehemu tone la risasi hapa pembeni, la sivyo..."

"Tone moja tu?" Ġiża akadakia. "Nifungie hizi za rahisi."

"Wifi, mwache mwenzio amalize."

"Amalize nini? Anataka kuniuzia swichi. Swichi ninazo ukutani!"

Nyumbani Ġiża akafunga nyaya kwa subira ile ile ya kushona pindo, na lile tone akalisahau kabisa. Siku moja kabla ya kufungua tukajaribu. Jirani yetu Ġuditta alikuwepo, amekuja kuazima sinia na hataki kuondoka. Ġiża akabonyeza. Mwokaji akainama, akakanda. Safi!

Tatizo ni Mlalaji. Huyu ni mchungaji anayelala fofofo wakati dunia nzima inakwenda kumwona Mtoto, na hakuna mtu Malta anayethubutu kumwamsha. Ġiża alimwekea kimota ili mgongo upande kidogo tu, kama anapumua. Sasa kila mara mwokaji akiinama, Mlalaji anaketi kitako na kuinama naye.

Ġuditta akapiga ishara ya msalaba. "Mama yangu! Kaamka!"

"Zima, Ġiża!" nikamwambia.

"Nazima, jamani, nazima!" Akabonyeza penginepo. Mpiga zumari akatikisa kichwa, na malaika juu ya paa naye akakitikisa kama mlevi.

Dirishani kukasikika mkoromo. Nikadhani Wenzu amepaliwa. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Bodi zote mbili zina namba moja," akasema. "Ukiita moja zinaitika zote. Hukulehemu."

Akainuka, akaburuta mguu mpaka mezani, akashika chuma cha kulehemu kwa mkono wa kulia. Kisha akasimama tu, anautazama ule wa kushoto. Kazi ile inataka mikono miwili: mmoja wa chuma, mmoja wa kusogeza risasi. Moyo wangu ukaniuma. Ġiża akachukua waya wa risasi, akajipenyeza kushoto kwake.

"Sogeza. Si hapo! Hapo! We mwanamke, unalehemu au unachovya mkate kwenye supu?"

"Usinipigie kelele, Wenzu!"

"Nitapiga! Umenunua bodi ya bei ya kutupa, halafu unatetemeka!"

"Natetemeka kwa sababu nalia, mpumbavu wewe!"

"Lia baadaye! Inapoa!"

Nikamtoa Ġuditta nje na sinia lake. Barabarani watu walikuwa wameshasimama.

"Dolor, kwa kaka yako kuna ugomvi?"

"Mkubwa," nikawajibu. "Kesho njooni, mlango uko wazi."