Uzi wa Damu ya Mzee Chini ya Taa Mpya

Mama yangu alifuma masweta kwa mashine, na kwa baridi ya Sumbawanga hiyo haikuwa kazi ndogo. Mwaka ule alipata oda yake ya kwanza ya shule, kule Kaengesa: masweta ya rangi ya damu ya mzee. Yakikubaliwa, angekuwa mfumaji wao.

Ndipo baba akaleta balbu mpya. Biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya mjini yalifurika vitu vilivyopitia mpakani Tunduma. Akaifungua ile ya zamani, iliyokuwa ikila umeme, akafunga taa nyembamba iliyojikunja kama utumbo. Sebule ikawa nyeupe kama maziwa. Tukapiga makofi.

Asubuhi mama alitoa uani kazi aliyoifuma usiku, akaigeuza juani. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa wa kahawia. Chini ya taa ile nyuzi zake mbili, uzi wa kahawia na wa damu ya mzee, zilikuwa zimefanana kabisa.

"Basi turudishe ya zamani," baba alisema kwa upole.

"Itumalizie umeme? Hapana. Taa hizi mpya zipo za aina nyingi. Nitachagua mwenyewe."

Dukani aliweka mezani vipande viwili vya uzi.

"Mama, umekuja kununua taa au kunifumia soksi?" mwenye duka alicheka.

"Funga mlango kwanza, mwanangu. Soksi utapata."

Mlango ukafungwa, jua likabaki nje. Mwenye duka akawasha balbu moja baada ya nyingine kwenye holda ya kujaribia, mama akiinamia nyuzi zake. Ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akaguna. Nje mtu aligonga: "Oya, mbona mmefunga? Kuna msiba?"

Kisha ikawaka moja yenye unjano kidogo. Uzi mmoja ukaamka, ukawa mwekundu uliokolea. Mwenzake ukabaki na rangi yake ya udongo.

"Hii," mama alisema.

Alifumua mkono ule, akaufuma upya chini ya taa aliyoichagua. Siku ya kupeleka nilimsindikiza. Mtawa aliyesimamia stoo ya shule aliyatandaza masweta juani, juu ya nyasi, akayapitia moja moja. Mama alisimama wima, mikono nyuma. Hakuogopa jua.

"Mama," mtawa alisema hatimaye, "na ya mwakani utatufumia wewe."

Tuliporudi mjini tulipita dukani kupeleka soksi. Kando ya holda ya kujaribia palining'inia kipande cha uzi wa damu ya mzee. Mteja aliuliza achukue taa ipi, na mwenye duka, bila kutuona, akamjibu: "Chukua hii. Mama wa masweta ameipitisha."