Siku Kuku Wangu Walipohara Damu

Tangu juzi nikisikia hodi najificha, nikidhani ni baba mkwe. Alitutembelea hapa Chanzuru, na mkwe akija jogoo anachinjwa, firigisi inawekwa kwenye sahani yake. Lakini asubuhi ile nilikuta kinyesi cha kuku kimekuwa chekundu bandani. Nikajua wanahara damu. Sikutulia: nikamwendea jirani nikamlaumu kwamba kuku wake ndio walioleta ugonjwa, nikampigia simu bwana mifugo, nikabandika maharage.

Mzee alipofika nilimpa shikamoo na glasi ya juisi nyekundu ya rozela niliyoichemsha jana yake.

"Baba, utanisamehe. Kuku wote wanaumwa."

"Pole, mkwe wangu," akasema, akaenda na glasi yake kuwaona.

Bwana mifugo alikuwa ameshainama bandani, jirani amenuna pembeni.

"Jana walikula nini?" bwana mifugo akauliza.

"Pumba tu," nikajibu upesi.

Baba mkwe akatazama mlangoni mwa banda. Kuku walikuwa wakigombania makapi ya rozela niliyoyamwaga mwenyewe jana yake. Akainua glasi yake.

"Mkwe wangu, niumalize ugonjwa huu, au nimsubiri jogoo?"