Picha Yangu Ilihudhuria Kongamano

Nilianza kujifunza kusoma Jumatatu ya kwanza baada ya kutoka eda. Darasa letu la wanawake watu wazima lilikuwa chumba cha nyuma ya madrasa, Wiyoni. Nilikuwa wa kwanza darasani na sikumficha mtu jambo hilo. Mwalimu wetu, binti wa bara, alilipwa na kaunti. Mwezi wa Rajabu malipo yakakatika. Akatuambia angengoja hadi mwisho wa Shaabani, kisha aondoke.

Katikati ya Shaabani mwakilishi wetu katika bunge la kaunti alipita darasani, akanipiga picha. Siku ya pili akasafiri kwenda Mombasa, kwenye kongamano la elimu ya watu wazima. Alikaa hotelini wiki nzima.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi ule wakazi walimwita uwanjani aeleze safari zake. Wanawake tuliketi nyuma ya pazia. Tulikuwa tumeahidiana kwamba nikiuliza mimi, wenzangu wote watafuata.

Nikauliza fedha za hoteli zilitoka wapi, ikiwa za mwalimu hazipo.

"Bi, sauti yako naijua," akajibu huku akicheka. "Walalamika nini, nawe ulikuwako? Picha yako niliibandika ukutani, kitabu mkononi. Wageni walikupigia makofi!"

"Kumbe Bi umelala hotelini!" akadakia mvuvi mmoja. "Tuonyeshe ndia ya kwenda huko na sisi!"

Uwanja ukaangua kicheko. Niligeuka kuwatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa na leso mpya mapajani, iliyogawiwa kwa jina la mwakilishi asubuhi ile. Badala ya kunifuata, wakainama kuzikunja.

Nikafunua pazia, nikasimama mbele ya wanaume.

"Mamako aliketi kushoto kwangu darasani," nilimwambia. "Alikufa hajamaliza kujifunza kuandika jina lako. Mbona hukumbandika yeye?"

Akajifunika uso, akalia. Nilimwacha alie vizuri, ndipo nikaketi.

Wanaume wakamzunguka kumpa pole, mkutano ukavunjika, na swali la hoteli halikujibiwa. Jumamosi mwalimu alipanda boti ya Mokowe na sanduku lake, akarudi bara.

Juzi mmoja wa wenzangu alikuja kwangu na karatasi ya hospitali ya mumewe. Nilimpa kiti, nikamtilia kahawa, nikamwambia asome mwenyewe. Alisoma hadi pale darasa lilipofika, akakwama, akaniinulia macho. Nilimaliza kahawa yangu kwanza.