Kitunguu cha Ua Kwenye Friji ya Soda

Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea kwisha. Kaka yangu alikuwa akisoma Ulaya, na mwaka ule hakuweza kurudi Kisumu kwa Krismasi. Badala yake alimpa rafiki yake aliyekuwa akija huku kitunguu kimoja cha hiasinti, ua ambalo watu wa huko hulikuza ndani ya nyumba wakati wa baridi. "Mwambie Mama, likichanua ajue nimefika." Tangu siku hiyo Mama alikuwa na neno hilo moja tu mdomoni.

Mmea huu usikutishe. Ua lake huwa limeshaumbwa ndani ya kitunguu, dogo kama punje ya mtama. Linataka giza na baridi ya wiki nyingi, lidhani kipupwe kimepita. Lakini Kisumu baridi utaitoa wapi? Friji tuliyoweza kuomba ilikuwa ya jirani yetu, mama kutoka Nyeri aliyeuza soda.

"Kitunguu gani hiki cha kulala hoteli?" alicheka.

"Ni mgeni wangu huyo," Mama akamjibu. "Mfunike vizuri, asisikie kelele za chupa zako."

Wiki zikapita, Mama akaanza kuingiwa na haraka. Kijijini kwetu Asembo, ukitaka ndizi mbichi ziive upesi, unazivumbika pamoja na mbivu. Basi akawa anapeleka ndizi mbivu, na jirani anazipanga kukizunguka kitunguu. Nani angeona ubaya? Mimi nilikuwa mwalimu, na nililiona wazo zuri. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba hewa itokayo kwenye tunda bivu, ile ile inayoivisha wenzake, huliua ua changa likiwa bado ndani.

Desemba Mama akakipanda kwa mkono wake katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Majani yakatoka mazuri, ya kijani kibichi. Kila asubuhi, akishasali, aliyatenganisha kwa vidole na kuchungulia katikati.

"Mama, huyu mwanao amekuja na majani tu?" jirani alitania. "Begi ameliacha wapi?"

Mama hakucheka. Jirani akakaa karibu naye.

Tuliuhamisha mkebe dirishani, tukaurudisha kivulini, tukaumwagilia maji ya mtungi yaliyopoa. Krismasi ikafika, tukala samaki, ikapita. Hakuna kilichochomoza. Ua likishakufa ndani, hakuna maji wala kivuli kitakacholirudisha, lakini sisi hatukulijua hilo, tukaendelea kuuhamisha.

Mwishowe Mama akasema, "Kipasue."

Nilikitoa kitunguu mkebeni, nikakipasua mezani. Katikati, mahali pa ua, palikuwa na kitu kidogo cha kahawia, kikavu kama uzi ulioungua. Mama aliinama akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa ameshaanza safari," akasema.

Nilibaki nimeshika kisu, vile vipande viwili vikichuruzika maji mezani, nisijue niviweke wapi.